Gereji Isihamishiwe Chumbani



Mtu akitaja Owino, wengi hufikiria mivumba: mashati, viatu na mikoba iliyokwisha kuvaliwa Ulaya na inayokuja kuvaliwa tena Kampala. Lakini anayelijua vizuri eneo lile, kuanzia Owino lenyewe, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, hadi upande wa Kisekka, Kisenyi na Katwe, anajua kwamba magari nayo hupewa maisha ya pili pale pale. Kava ya tapeti iliyokuja na injini kuukuu kutoka Japani, imebabuka na kuganda mafuta, inarudi kwa mwenyewe ikiwa nyekundu na inang'aa. Paneli ya mlango iliyopaushwa na jua inarudi nyeusi kama ya dukani. Mwenye gari anafurahi, muuza spea anapata faida yake, na gari linapata mnunuzi.

Swali letu leo ni hili: kazi hiyo hufanyiwa wapi, na gharama zake hulipwa na nani?

Jibu tunalijua sote. Mara nyingi hufanyiwa nyumbani, ndani ya chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho watu wa Kampala hukiita muzigo, au barazani mbele ya chumba hicho. Fundi hubeba vipande jioni ndani ya gunia, huvisugua usiku, huvipulizia rangi alfajiri na kuvirudisha sokoni kabla jua halijawa kali. Hana mshahara, hulipwa kwa kipande. Akiugua, hakuna anayemuuliza. Chumba kikiungua, hakuna anayemlipa.

Msimamo wetu ni kwamba kazi hii ni kazi kamili na anayeifanya ni mfanyakazi kamili. Bei ya kipande haina budi kubeba gharama zake zote, na rangi zenye sumu kali zisiingie kabisa mahali wanapolala watoto.

KAZI HII ILIKOTOKA

Owino lilianzishwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata, 1972, serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na maduka mengi yaliyokuwa yakiagiza bidhaa kutoka nje yakaangukia mikononi mwa watu wasioijua biashara hiyo. Spea zikaadimika. Kwa miaka mingi magari ya Uganda yaliendelea kutembea kwa sababu mafundi wa Katwe na wenzao waliyeyusha, walichomelea, walikwangua na kupaka rangi vitu ambavyo kwingineko vingetupwa jalalani. Ustadi huu haukuletwa na mfadhili yeyote. Ni mali ya wafanyakazi wenyewe, iliyopatikana kwa shida na kurithishwa kwa vijana kwa kuangalia na kutenda.

Siku hizi spea zipo, lakini magari yenyewe huja yakiwa yamekwisha kutumika. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Lakini gari la miaka 14 bado ni gari la miaka 14: dashibodi imepauka, vishikio vya milango vimekwaruzika, na kifuniko cha injini kimechubuka. Kwa hiyo kazi ya kurudisha sura ipo, na itaendelea kuwapo.

Kilichobadilika ni mahali. Katika Kisekka ya zamani, kuuza na kutengeneza vilikaa pamoja, uani, chini ya jua na upepo. Soko hilo la zamani lilipobomolewa katikati ya miaka ya 2010 ili kupisha jengo la ghorofa, jambo moja halikupewa uzito. Jengo la ghorofa hufaa kuuzia spea, lakini halifai kupulizia rangi. Kompresa, thina na vumbi la msasa havikai pamoja na duka lenye vioo. Kazi safi ikapewa chumba, na kazi chafu ikaambiwa itafute pa kwenda. Nyingine ilikwenda Ndeeba, nyingine Katwe, na nyingine ikaingia majumbani, ambako haionekani wala haihesabiwi.

HESABU YA KIPANDE KIMOJA

Asiyeijua kazi hii hudhani ni kubonyeza kopo la rangi tu. Hebu tuangalie kava moja ya tapeti. Kwanza huoshwa mafuta yaliyoganda, na matundu yake huzibwa ili uchafu usije ukaingia ndani ya injini. Rangi ya zamani hukwanguliwa. Kisha husuguliwa kwa msasa mkwaruzo namba 180, halafu kwa msasa laini namba 400, hufutwa mpaka kitambaa kitoke kikiwa cheupe, ndipo hupakwa praima. Rangi yenyewe hupulizwa kwa tabaka nyembamba, mara 2 au 3, na kila tabaka husubiriwa. Rangi ya kupaka madirisha haifai hapa: injini ikipata moto rangi hiyo huwa kahawia, hutoa moshi na kubanduka. Panahitajika rangi ya kustahimili joto, nayo ni ghali zaidi.

Vipande vya ndani ya gari vina ugumu wa namna yake. Dashibodi iliyopakwa mafuta ya kung'arishia kwa miaka mingi huikataa rangi, ikajaa vitundu kama macho ya samaki. Zipo plastiki ambazo rangi haishiki kabisa bila praima maalumu. Ukiikosa, mteja ataikwangua kwa kucha siku ya kwanza. Tena zote hizi huhitaji mahali pasipo vumbi wala unyevu. Sasa fikirini kazi kama hiyo barazani, wakati wa mvua za Machi hadi Mei, jirani akipika kwa sigiri na masizi yakitua juu ya rangi mbichi.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga ili kuonyesha njia ya kuhesabu. Kila fundi aweke bei zake mwenyewe. Tuseme muuza spea anamlipa fundi shilingi 20,000 kwa kava moja, na vifaa ni juu ya fundi. Praima na rangi ni shilingi 8,000. Thina, msasa na matambara ni 3,000. Boda boda ya kwenda na kurudi ni 3,000. Zimebaki 6,000 kwa kazi ya saa 5. Katika kava 5 atabaki na shilingi 30,000. Lakini tuseme kava 1 kati ya hizo 5 imerudishwa kwa sababu ya vumbi au malengelenge. Atairudia kwa rangi yake, kwa boda boda yake na kwa saa 5 nyingine, hasara ya shilingi 14,000. Mwisho wa hesabu ana shilingi 16,000 kwa saa 30 za kazi. Hazifiki shilingi 550 kwa saa.

Na hapo hatujaweka kinyago cha kupumulia wala glavu. Hatujaweka umeme, wala kodi ya chumba kilichogeuzwa karakana, wala dawa ya kifua cha mtoto. Vitu hivyo vyote vina bei, na vyote hulipwa. Tofauti ni kwamba havilipwi na yule anayeuza kava ikiwa inang'aa. Vinalipwa na nyumba ya fundi.

Ndiyo maana tunasema gereji imehamishiwa chumbani. Mwenye biashara ameepuka kodi ya nafasi, ameepuka kununua vifaa vya kinga, ameepuka hasara ya kipande kilichoharibika, na bado anauza bei ile ile. Wazee walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike.

SUMU ISIYOONEKANA

Tuanze na moto. Thina nyingi zina tolueni, zailini au asetoni. Tolueni hutoa mvuke wa kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 5 za Selsiasi. Kampala haijui baridi ya namna hiyo, kwa hiyo kopo lililo wazi linatoa mvuke huo mchana na usiku. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, hutambaa sakafuni mpaka ukute sigiri, mshumaa au kiberiti. Watu wa Owino hawahitaji kuhubiriwa juu ya moto. Wanaukumbuka ule wa Februari 2009, ulioteketeza sehemu kubwa ya soko na mali za maelfu ya watu. Vyumba vya kupanga navyo vimebanana kama vibanda vya soko, na vya watu waliolala.

Pili, pumzi. Mvuke wa thina huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na ukivutwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya kupaka rangi katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, na uchunguzi wa baadaye ukathibitisha hivyo hivyo. Ziko pia rangi za kuchanganywa na hadina, ile dawa ya kugandisha. Mafundi huzipenda kwa sababu hung'aa na kudumu. Lakini ndani ya hadina nyingi mna kemikali iitwayo aisosaianeti, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za pumu ya kazini kwa wapulizaji rangi. Mtu ambaye kifua chake kimekwisha kuikataa, hata kidogo tu humkaba. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke. Kinachosaidia kwa thina ni kinyago chenye kichujio cha mkaa maalumu, kinachobadilishwa kwa wakati. Na kwa rangi za hadina inatakiwa hewa safi iletwe kwa mpira kutoka nje. Nani ana kifaa hicho ndani ya muzigo?

Tatu, vumbi. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Fundi akisugua kikavu chumbani, vumbi hutua juu ya godoro, juu ya vyombo na juu ya sakafu anapotambaa mtoto. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto, kwa kuwa madini hayo huudhuru ubongo unaokua. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tunavyoambiwa. Lakini tuseme ukweli: janga hili fundi hakulichuma peke yake. Alitumwa.

Nne, maji. Thina chafu humwagwa mtaroni, mitaro ya eneo hili huingia katika mfereji wa Nakivubo, na mfereji huo huishia Ziwa Viktoria katika ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyo hiyo, Ggaba, ndipo inapovutwa sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Kampala. Kwa hiyo asiyepaka rangi asidhani jambo hili halimhusu.

SHERIA INASEMAJE

Wafanyakazi wa dunia hawakuanza leo kupigania anachokipumua mpaka rangi. Mwaka 1921, katika Mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ulipitishwa Mkataba Namba 13 juu ya rangi nyeupe ya risasi, na ndani yake vijana walio chini ya miaka 18 walikatazwa kuajiriwa katika kazi za upakaji wa viwandani zinazotumia rangi hiyo. Miaka zaidi ya 100 imepita, na bado kijana wa Kisenyi husugua rangi asiyoijua ina nini.

Nchini Uganda ipo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Ni sheria nzuri, lakini fundi wa nyumbani akibisha hodi huambiwa: wewe huna mwajiri, wewe ni mfanyabiashara wa kujitegemea. Tunauliza, anajitegemea namna gani mtu asiyepanga bei, asiyechagua rangi, asiyeamua siku ya kurudisha mzigo, na ambaye kipande kikikataliwa hasara ni yake?

Jibu la swali hilo lilikwisha kutolewa Geneva mwaka 1996, katika Mkataba Namba 177 juu ya kazi za nyumbani. Mkataba huo unasema kwamba anayefanya kazi nyumbani kwake kwa malipo, akitoa kitu kama alivyoagizwa na mwenye kazi, ni mfanyakazi wa nyumbani, hata kama vifaa ni vyake, isipokuwa awe na uhuru wa kweli wa kujiendeshea kazi yake. Unataka atendewe sawa na wafanyakazi wengine katika malipo, usalama, hifadhi ya jamii na haki ya kujiunga na chama. Tena unataka sheria ya nchi iweke masharti ya kukataza baadhi ya kazi na baadhi ya kemikali zisitumike majumbani. Ni kana kwamba walioandika walikuwa wameiona kava ya tapeti juu ya meza ya kulia chakula. Nchi zilizouridhia mkataba huu bado ni chache. Lakini tangu Juni 2022 usalama na afya kazini ni miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama wa shirika hilo inatakiwa kuziheshimu, iwe imeridhia mikataba yake au haikuridhia.

WANAOSEMA "TUACHENI"

Wapo watakaosema: mnataka kumnyang'anya maskini riziki yake. Mama mwenye mtoto mchanga anayesugua paneli nyumbani hawezi kwenda gereji kutwa. Kijana asiye na kodi ya kibanda atafanyia wapi? Hoja hii ni ya kweli na tunaiheshimu. Hatutaki askari wa mji aende kukamata makopo vyumbani. Msako wa namna hiyo hautaondoa sumu; utaihamisha tu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, na fundi atapoteza vifaa vyake.

Tena si kila kipande ni hatari sawa. Kuosha, kufungua skrubu, kuziba matundu na kusugua plastiki kwa maji ni kazi zinazoweza kufanywa nyumbani kwa uangalifu. Wala hatuna ugomvi na mwenye gari anayepaka kava yake mwenyewe Jumapili, uani, kwa hiari yake. Tunachokataa ni kupuliza rangi za thina na hadina, siku baada ya siku, ndani ya nyumba za watu, kwa sababu tu mwenye biashara hataki kulipia mahali.

TUNACHODAI

Kwanza, orodha ya bei ya pamoja. Mafundi wa kila mtaa wakae, wahesabu kama tulivyohesabu hapa juu, wapange bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake. Rangi, usafiri na kinga vihesabiwe mbali na malipo ya mikono. Kipande kilichorudishwa kwa sababu ya rangi mbovu aliyoileta muuza spea, kilipwe na muuza spea.

Pili, uwanja wa kupulizia. Mamlaka ya Jiji la Kampala na wenye masoko mapya watenge sehemu zenye paa, upepo, pipa la thina chafu na vifaa vya kuzimia moto, ambako fundi atalipa kidogo kwa saa. Soko likijengwa bila sehemu hiyo, limejengwa nusu.

Tatu, marufuku ya rangi za hadina na rangi zenye risasi katika nyumba za kulala, ikitekelezwa kwa kumbana anayetoa kazi na anayeuza rangi, na si kwa kumpiga faini anayepuliza.

Nne, hifadhi. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii iliyorekebishwa mwaka 2022 imemlazimu kila mwajiri kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja, na imewapa nafasi wanaojiajiri kujiwekea kwa hiari. Mwenye duka anayempa mtu mmoja kazi kila siku asijifiche nyuma ya neno "kibarua".

Wakati tukidai hayo, kila fundi afanye leo lililo ndani ya uwezo wake. Pulizia nje, sigiri zote zikiwa zimezimwa. Sugua kwa maji, usisugue kikavu. Usioshee mikono petroli. Funika kopo ukishachota. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na watoto wawe mbali mpaka harufu iishe.

Ndugu zetu, haya hayatapatikana kwa fundi mmoja mmoja kulalamika kwa muuza spea wake. Atakayelalamika peke yake, mzigo wa kesho utapewa mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kumbukeni kwamba chama cha kwanza cha wafanyakazi nchini Uganda, kile cha madereva wa magari, kilianzishwa mwaka 1938 na James Kivu na Ignatius Musazi, wakati ambapo wengi waliamini dereva hawezi kuwa na chama. Katika miaka ya karibuni chama kikubwa cha wafanyakazi wa usafirishaji kimewafungulia mlango waendesha boda boda na madereva wa teksi za uwanja wa ndege, watu walioambiwa miaka yote kwamba hawana mwajiri na kwa hiyo hawana chama. Anayeipaka rangi injini ni ndugu wa anayeiendesha. Mlango huo huo ni wake.

Mitaa yenye mafundi kumi au zaidi ichague mjumbe, iandike hesabu yake ya kipande kimoja, na mjumbe huyo ailete chamani. Hesabu za mitaa zikiwekwa pamoja juu ya meza moja, hakuna muuza spea atakayeweza kusema kwamba bei yake ni ya haki.

Umoja ni nguvu.